Fani ya Kusita: Charles Van Doren katika Twenty-One

Mfululizo wa ushindi wa Charles Van Doren katika Twenty-One, kipindi cha chemshabongo cha televisheni ya NBC nchini Marekani, unastahili kusomwa kuanzia kwenye kanuni zake, kwa maana kanuni hizo ndizo mizani ya utungo mzima. Wachezaji wawili hufungiwa katika vibanda visivyopitisha sauti, kila mmoja asijue alama za mwenzake. Huchagua ugumu wa swali kuanzia alama 1 hadi 11. Akosaye hupunguziwa alama alizozitaka, na kikomo ni 21. Maswali mawili tu, la 10 na la 11, yanatosha kumfikisha mtu kikomoni, kwa hiyo tamaa na tahadhari zimekwisha kupandwa ndani ya umbo kabla mhusika hajafumbua kinywa. Taharuki nayo inazaliwa na mgawanyo wa ujuzi: mtazamaji anazijua alama za wote wawili, ilhali anayezichuma hajui asimame wapi.

Kiungo kikuu cha umbo hili ni sare. Kila alama ya tofauti kati ya mshindi na mshindwa ina thamani ya dola 500, lakini wakifungana mchezo hurudiwa na thamani hiyo huongezeka kwa dola 500 nyingine. Sare haimalizi chochote. Hurudi kama kibwagizo, na kila irudipo imebeba uzito zaidi. Van Doren alipokutana na bingwa Herbert Stempel tarehe 28 Novemba 1956, walitoka sare tena na tena hata kipindi kikaisha, na hukumu ikasubiri hadi tarehe 5 Desemba.

Wahusika wenyewe walichorwa kwa ukinzani usioacha nafasi ya shaka. Van Doren alikuwa mhadhiri wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Columbia, mtoto wa Mark Van Doren, mshairi aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1940. Stempel, mtu mwenye kumbukumbu ya ajabu, alivishwa suti isiyomkaa na kunyolewa vibaya makusudi, akaagizwa amwite mwendesha kipindi, Jack Barry, "Bwana Barry", ilhali wengine walimwita Jack. Sisi tuliolelewa katika lugha inayopima rika na cheo katika kila salamu tunaona mara moja kazi ya neno hilo: limemshusha mtu daraja bila sentensi hata moja ya usimulizi.

Hata hivyo, ufundi wa juu kabisa umo katika kusita. Toleo la kwanza, la tarehe 12 Septemba 1956, lilichezwa bila hila nalo likapooza, wachezaji wakikosa swali baada ya swali. Kukumbuka kwa kweli hakuna sura: jina huja au haliji, na kamera haina cha kushika. Watayarishaji Dan Enright na Albert Freedman wakaamua kuitungia fikra mwili. Stempel alifundishwa kugusagusa paji la uso kwa kitambaa bila kulifuta, jasho libaki likionekana. Van Doren akafundishwa kunyamaza kabla ya baadhi ya majibu, kuruka sehemu ya swali na kuirudia baadaye. Mbinu hizi ninaziita ishara-fikra: miondoko inayosimama mahali pa tendo la akili lisiloonekana. Ile ya kuruka na kurudi ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu inaonyesha akili ikichagua njia, na mtazamaji anasafiri nayo.

Makosa nayo yametungwa kwa uangalifu uleule. Stempel aliagizwa kukosa jina la filamu iliyopata Oscar ya filamu bora ya 1955, Marty, filamu aliyoipenda, akataja On the Waterfront. Alinyang'anywa kilicho chake hasa. Van Doren, aliyeshindwa na mwanasheria Vivienne Nearing tarehe 11 Machi 1957 akiwa na dola 129,000, alipewa anguko lenye staha: katika orodha ya wafalme wa nchi sita, alimkosa mmoja tu, wa Ubelgiji. Huyo alikuwa Baudouin.

Tarehe 2 Novemba 1959, mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, Van Doren alikiri kwamba alipewa maswali na majibu mapema, akaeleza pia jinsi alivyoelekezwa kusita. Ushahidi huo haulifuti umbo, lakini unabadilisha mwenye umbo, nami nashindwa kuutazama kwa moyo mtulivu. Van Doren alikuwa msomi wa kweli, na msomi husita kwa namna yake mwenyewe, kwa kasi na mapengo yasiyofanana na ya mtu mwingine. Katika wiki zote hizo za ushindi, ni kusita huko kulikokuwa kwake hasa ambako watazamaji hawakupewa nafasi ya kukuona.