Fundo la Dhahabu na Jina la Sonara

Kuna bizimu moja ya Ireland inaitwa Tara. Jina zito hilo. Tara ni kilima cha wafalme wa kale wa nchi ile. Lakini bizimu yenyewe haina lolote na kilima hicho: ilipatikana mwaka 1850 karibu na Bettystown. Mfanyabiashara wa vito wa Dublin, George Waterhouse, akainunua, akaibatiza jina la kifalme, akauza nakala zake. Mwaka 1851 ikaonyeshwa London kwenye Maonyesho Makuu, watu wakaduwaa. Jina lilifanya kazi yake.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na mapambo haya ya mafundo ya Kikelti, ya dhahabu na lulu, yanayouzwa mpaka leo. Kila kipande kina hadithi yake ya dukani. Eti fundo lisilo na mwisho ni mapenzi ya milele. Nani kasema? Wale waliosuka mafundo hayo miaka zaidi ya elfu moja iliyopita hawakutuachia maandishi ya kueleza maana yake. Na hata ususi wenyewe haukuwa wa Wakelti peke yao. Warumi walikuwa nao, Wajerumani wa kale walikuwa nao. Mafundi wa Ireland waliuazima, wakauchanganya na mizunguko yao ya asili, wakawapita wenye mali.

Basi tuweke hadithi pembeni tutazame kazi. Bizimu hiyo ya Tara, ya mwanzoni mwa karne ya 8, pete yake haifiki sentimita 9. Ndani ya eneo hilo dogo mna nyuzi za dhahabu zilizosokotwa zikawa wanyama waliofumana, pamoja na kaharabu na kioo. Geuza nyuma: kumenakshiwa vilevile, upande ambao mvaaji akishaibana kwenye vazi hauonekani. Huyo sonara hakuwa mbabaishaji. Na jina lake hatulijui.

Sasa njoo kwa Archibald Knox, aliyezaliwa mwaka 1864 katika kisiwa cha Man, kati ya Ireland na Uingereza, kwenye misalaba ya mawe iliyochongwa mafundo. Duka la Liberty la London lilipoanzisha vito vyake vya Cymric mwaka 1899, michoro mingi iliyovuma ilikuwa yake. Cymric maana yake ni ya Wales. Mchoraji ni wa Man, vyombo vinatengenezwa Birmingham, vingine sehemu zake zikipigwa kwa mashine, jina la Wales! Na Knox? Hakutajwa. Desturi ya duka ilikuwa kuficha majina ya wachoraji. Mteja alijua Liberty tu.

Hata hivyo kazi yake inasimama bila kushikwa mkono. Wanakili walijaza mafundo mpaka pumzi ikakatika. Knox alipunguza. Uzi mmoja wa dhahabu unapanda, unapita juu ya mwenzake, unazama chini, unaachia nafasi tupu. Lulu, mara nyingi isiyo duara kamili, anaiweka pale nyuzi zinapokutana, au anaining'iniza chini ili uzito uvute mchoro wote. Ukiiondoa lulu, mchoro unalegea. Kwa wanakili, ukiiondoa lulu, kinachopungua ni bei tu.

Hicho ndicho kipimo changu. Ukishika kidani cha namna hii, fuata uzi kwa jicho: juu, chini, juu, chini. Ukikuta umepita juu mara mbili mfululizo bila sababu, jua aliyekitengeneza alinakili sura, hakujua ususi. Maneno ya milele hayatamwokoa.

Sisi tunaoandika tusicheke sana. Wangapi kati yetu hubandika methali mbili na jina la babu juu ya shairi, halafu tunaliita la asili? Asili si kibandiko, jamani. Knox aliazima kwa wazee wake akakifanyia kazi alichoazima.

Liberty mwenye duka alifariki mwaka 1917. Jiwe la kaburi lake lilichorwa na Knox yuleyule. Kumbe tajiri na jamaa zake walijua vizuri kazi ni ya nani. Mnunuzi ndiye hakuambiwa. Leo wakusanyaji wanamtafuta Knox kwa jina, lakini yeye alikufa mwaka 1933. Kwa hiyo, mkipeleka kazi zenu kwa wachapaji, ulizeni mapema jina litakaa wapi.