Uwanja Usio na Watu: Filamu ya Pink Floyd Huko Pompeii

Filamu za maonyesho ya muziki wa roki kwa kawaida huegemea umati. Ile ya Woodstock, iliyotolewa mwaka 1970, imejaa nyuso, matope na mikono iliyoinuliwa, hata mtazamaji husahau mara kwa mara ni nani aliyeko jukwaani. Mwongozaji Adrian Maben alikusudia kinyume chake. Mwezi wa Oktoba 1971 aliwapeleka wanamuziki wanne wa Pink Floyd, kikundi cha Uingereza, katika uwanja wa kale wa Kirumi huko Pompeii, Italia, akawaacha wapige muziki wao mbele ya ngazi tupu za mawe. Filamu hiyo ilionyeshwa kwanza Edinburgh mwaka 1972, na mwaka 2025 ilirudi katika majumba ya sinema ikiwa imesafishwa picha na sauti.

Wako wanaoiita ibada. Si vigumu kuona sababu. Kamera inaanza mbali na kusogea polepole mno kuelekea uwanjani, huku wimbo wa Echoes ukianza kwa noti moja ya kinanda, kama tone la maji. Baadaye Roger Waters anaupiga upatu mkubwa huku jua likiwa nyuma yake, na kwa muda haonekani tena kuwa mwanamuziki bali kuhani. Ukimya ni mwingi, haraka hakuna, na hakuna anayetafuta kupendwa. Mchungaji aliyechoshwa na makelele ya vipaza sauti vya mikutano ya hadhara anaweza kabisa kutamani liturujia ya namna hii.

Hata hivyo neno hilo halifai, na Mlutheri hana budi kulipinga kwa sababu zake mwenyewe. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 24, linazilaumu misa za faragha zilizofanywa kwa malipo. Padri aliweza kuzisoma pembeni, pasipo usharika wa kupokea. Miaka kumi kabla yake, katika kitabu chake juu ya utekwa wa Babeli wa Kanisa, Luther alikuwa amekwisha kueleza kiini cha jambo: misa ni ahadi, na ahadi hudai mtu wa kuipokea kwa imani. Tendo linaloweza kukamilika bila mpokeaji ni kazi ya mtendaji tu, hata likiwa zuri namna gani.

Muziki wa Pompeii ni kazi ya namna hiyo, na nzuri sana. Wanne hawa wanapiga kama mafundi walio karakanani. Katika One of These Days mpiga ngoma Nick Mason anaponyokwa na kijiti kimoja, anachukua kingine na kuendelea. Hakuna wa kucheka wala wa kushangilia. Kamera inapita nyuma ya masanduku ya spika yaliyoandikwa jina la kikundi na la London, na inawaonyesha wafanyakazi wao wamesimama tu. Hapa ndipo ninapoiheshimu filamu hii: haidanganyi kuhusu utupu wake. Hakuna makofi yaliyopachikwa.

Mwaka 2020, makanisa yalipofungwa katika nchi nyingi kwa ajili ya korona, Kenya na Ujerumani zikiwamo (Tanzania hayakufungwa), wahubiri wengi walisimama mbele ya kamera na kuwasalimu watu wasiokuwapo kana kwamba wapo. Ilikuwa huduma ya lazima na wengi walifarijika. Lakini kamera ilibaki hata milango ilipofunguliwa, na leo katika sharika kadhaa inasimama kati ya madhabahu na watu. Inafaa kuuliza mhubiri anamtazama nani. Maben angalau aliliacha swali hilo wazi mbele ya macho yetu. Sisi tumelifunika kwa salamu.

Udhaifu wa filamu uko mahali pengine. Maben hakuweza kuvumilia utupu wake hadi mwisho. Anaingiza nyuso za sanamu na za michoro ya ukutani ya Pompeii zituangalie, kana kwamba wafu wa mwaka 79 B.K. wamekuja kusikiliza. Wafu hao walikuwa watu, na uwanja wenyewe haukuwa mtakatifu: Tacitus anasimulia jinsi mwaka 59 mashabiki wa Pompeii na wa mji jirani wa Nuceria walivyouana humo wakati wa michezo ya wapiganaji. Filamu haisemi neno juu ya damu hiyo. Sanamu hazijibu, na ushirika wa watakatifu si mapambo ya kujazia ngazi tupu. Tena, sehemu kadhaa zilipigwa picha studioni Paris miezi michache baadaye, na mwenye jicho kali atagundua kwamba ndevu za Richard Wright zimetoweka. Huko Paris ndiko alikoletwa Mademoiselle Nobs, mbwa anayelia kwa kufuata harmonika ya David Gilmour. Wengi humwona kuwa mzaha usio na maana. Mimi namwona kuwa kiumbe pekee katika filamu nzima anayewajibu wanamuziki.

Mwezi wa Julai 2016 Gilmour, akiwa na umri wa miaka 70, alirudi katika uwanja uleule, safari hii mbele ya watu. Tamasha hilo nalo lilifanyiwa filamu, yenye taa nyingi na wapigaji wengi. One of These Days aliipiga tena. Echoes, wimbo uliofungua na kufunga filamu ya kwanza, hakuupiga: Wright alikuwa amefariki mwaka 2008, na wimbo ule ulikuwa wa sauti mbili.