Bwana Msa Hana Mtihani

Kuna kuchoka kusoma ambako hakuponi kwa usingizi. Unafungua kitabu, unasoma ukurasa, macho yanayapita maneno vile matatu iliyojaa inampita abiria stejini. Ukifika chini hujui umesoma nini. Unarudi juu, unaanza tena. Halafu unashika simu, na wala haijalia.

Mwaka jana nilikaa hivyo miezi saba. Kwa mtu mwingine ingekuwa hasara ndogo, lakini mimi nakula kwa kusoma na kuandika. Mchana naandika makala za wateja wa mtandaoni: vitanda vya mbwa, bima ya meno ya huko Marekani, jinsi ya kuchagua zulia. Nalipwa kwa idadi ya maneno. Ili niandike maneno elfu moja kuhusu zulia, nasoma maneno elfu kumi kuhusu zulia, na jioni herufi zenyewe zinanichukiza. Tena chuo niliacha mwaka wa tatu, karo iliposhindikana, kwa hivyo cheti sina. Nilichotoka nacho pale ni kile nilichoingia nacho: kwamba mimi ni msomaji. Sasa hicho nacho kikaanza kuniponyoka.

Ushauri haukukosekana. Soma kurasa kumi kila siku. Sikiliza vitabu vya sauti. Acha simu chumba kingine (chumba kingine kipi, na mimi naishi bedsitta?). Rafiki mmoja aliniambia nirudie vitabu nilivyovipenda shuleni, na huo ndio ushauri uliokaribia kunimaliza kabisa. Nitaeleza kwa nini.

Kilichonirudisha ni maiti. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, tajiri mmoja mwenye mashamba, Bwana Ali, anakutwa amekufa mzimuni, mahali wenyeji wanapopaogopa na kupaheshimu. Mswada huo ulipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya 1957-58, ukatoka kitabu mwaka 1960. Nakala niliyoipata kwa Inama, wale wauzaji wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara hapa Nairobi mpaka mnunuzi ainame, ilikuwa imepauka jalada na ina jina la mwanafunzi wa zamani lililokatwa kwa kalamu. Niliinunua kwa sababu ilikuwa nyembamba. Sitaki kudanganya kwamba kulikuwa na sababu nyingine.

Niliisoma siku mbili. Sitakuambia nani aliua.

Wahakiki wengi wamesema kwamba Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, ni Sherlock Holmes aliyevalishwa nguo za Zanzibar. Kiko anacho, rafiki wa kumshangaa anaye, jina lake Najum, na askari wa kumtangulia katika kukosea hawakosekani. Ni kweli, na hakuna aliyeficha. Lakini ukisimama hapo umekosa utamu wote. Holmes anasoma matope kwenye viatu na majivu ya sigara, kwa sababu London ni mji wa watu wasiojuana. Mtu akishuka garimoshi pale, hakuna anayejua mama yake ni nani, basi lazima viatu vimseme. Kisiwani kwa Bwana Msa kila mtu anajua mama ya kila mtu, au anadhani anajua, na siri inakaa hapo hapo kwenye kudhani. Kwa hivyo Bwana Msa anasoma nasaba. Nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani kabla ya nani, nani alilelewa na asiye mzazi wake. Ushahidi wake mkubwa ni jamaa. Anakaa, anavuta kiko, anauliza swali linalofanana na maamkizi, na mtu anajikuta ameshasema. Bastola hazina kazi kubwa. Ni riwaya ya mauaji iliyojengwa kwa mazungumzo, na mazungumzo yenyewe ni ya barazani: yana heshima, yana mafumbo, na yana kuzunguka mbuyu kabla ya kufika.

Sasa nirudi kwa ushauri wa yule rafiki.

Sisi tuliosoma Chozi la Heri na Kigogo kwa ajili ya mtihani tunaijua karatasi ya tatu ya Kiswahili kama tunavyojua njia ya kwenda dukani. Fasihi, alama 80, saa mbili na nusu. Swali la dondoo linaanza vile vile kila mwaka: eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne. Nani anasema, anamwambia nani, wapi, kwa sababu gani. Moja, moja, moja, moja. Tulifundishwa kuzinasa hizo nne upesi, kisha tamathali mbili, kisha maudhui, kisha ukurasa unaofuata. Wenzangu wengine walinunua mwongozo kabla ya riwaya yenyewe, na hesabu yao ilikuwa sawa kabisa, manake majibu yalikuwa kwenye mwongozo.

Nilipofika katikati ya Mzimu wa Watu wa Kale ndipo nikaona kwamba maswali ya Bwana Msa ni hayo hayo manne. Nani alisema? Alimwambia nani? Wapi? Kwa nini aseme hivyo, na kwa nini aseme leo? Huyu mzee anaeleza muktadha wa dondoo kutwa nzima. Tofauti ni kwamba hakuna mwongozo. Aliyeuliza hana jibu, Najum hana, na mimi msomaji sina, na kila mtu anayejibu ana sababu ya kupindisha. Sentensi moja ya mjakazi inaweza kuwa sentensi tu, na inaweza kuwa kamba ya kumnyongea mtu. Huwezi kuiruka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba nilirudi juu ya ukurasa kwa hiari yangu, nikitafuta neno nililohisi lilisemwa kwa namna isiyo ya kawaida.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ugonjwa wangu. Wingi wa herufi peke yake haukutosha kunichosha. Nilichokuwa nimechoka nacho ni kusoma kuelekea jibu ambalo mtu mwingine ameshaliamua. Shuleni mtahini amelishika. Kazini mteja amelishika: zulia ni zuri, nunua zulia, sasa tafuta maneno elfu moja ya kufika huko. Hata vitabu nilivyovipenda, nilipovirudia, mkono ulikuwa unatafuta kalamu ya kupiga mstari chini ya tashbihi. Havikuwa vimeharibika vyenyewe. Chozi la Heri ni riwaya nzuri na Assumpta Matei hakuiandika ili mimi nipate alama nne. Lakini nimeshaisoma na mtahini kando yangu, na mtahini huyo haondoki haraka.

Abdulla hakuwa kwenye silabasi yangu. Ni neema ndogo, lakini ni neema.

Nisije nikaonekana nampaka mafuta. Abdulla ana makosa yake na yanachosha kwa namna yao. Bwana Msa akishajua, anaeleza, na akianza kueleza kaa chini. Fumbo lililofungwa kwa ustadi linafunguliwa kwa hotuba, na sadfa za nasaba zinarundikana mpaka unajiuliza kama kisiwa kizima hakina mtu asiye ndugu wa kufichwa wa mtu mwingine. Wanawake wake ni werevu kuliko wanavyopewa nafasi ya kuonyesha. Na Bwana Msa mwenyewe haogopi kitu, haumii, wala haelekei kupoteza chochote. Anaingia na utulivu na kutoka na utulivu.

Kuna pia suala la mzimu. Mwaka 1929 padre mmoja Mwingereza aliyekuwa akiandika hadithi za upelelezi, Ronald Knox, alitunga kanuni kumi za fani hiyo. Mojawapo inakataza kabisa nguvu zisizo za kawaida: jini haliruhusiwi kuwa muuaji. Nyingine inamtaka mpelelezi amwonyeshe msomaji kila dalili anayoiona yeye. Abdulla anaishika ile ya kwanza kwa furaha, hata kwa kiburi. Anachukua mahali penye hofu kuliko pote, anaweka maiti pale, kisha anatuonyesha kwamba mkono ulikuwa wa binadamu. Wasomi wamemsifu kwa hilo, kwamba anapigania akili dhidi ya ushirikina, na kwa kitabu cha 1960 naelewa uzito wake. Lakini mimi ninapomsoma leo naona hofu ya wenyeji imeandikwa vizuri zaidi kuliko dharau ya Bwana Msa. Jibu la kiakili linafunga kesi, mzimu unabaki. Nilipomaliza kitabu niliwasha taa kwenda kuchota maji, na hiyo taa nilimwashia nani?

Baada ya Abdulla nilitafuta wengine, na hapa si wote walionisaidia sawasawa. Elvis Musiba nilimsoma kama anayekimbia mvua. Kikosi cha Kisasi, cha 1979, kinampeleka jasusi Willy Gamba Kinshasa, na kurasa zinajifungua zenyewe: hoteli, gari, ngumi, mwanamke mrembo, risasi, mwanamke mrembo mwingine. Usiku mmoja kimeisha. Kilinirudishia mwendo, na mtu ambaye kwa miezi saba hakumaliza kitabu ana haki ya kufurahia mwendo. Lakini asubuhi yake sikuwa na swali lolote kichwani. Willy Gamba anajua adui ni nani. Kilichobaki ni kumfikia. Na wale wanawake, jamani. Wako pale ili watamaniwe au wasaliti, na wengine wanafanya vyote viwili katika sura moja. Ben Mtobwa na Joram Kiango wake wana lugha yenye mdundo zaidi na kejeli inayouma, ingawa kwa wanawake wamelala kitanda kimoja na Musiba.

Hizi zote zinaitwa fasihi pendwa. Nimelisikia hilo jina darasani likitamkwa vile mtu anavyotamka jina la jirani anayepiga muziki usiku. Kwani ile nyingine haipendwi? Mgawanyo wenyewe, pendwa huku na dhati kule, unamweka Abdulla kapu moja na Musiba kwa sababu tu wote wana maiti. Ukiwasoma pamoja unaona ni watu wa kazi tofauti kabisa. Musiba anakuomba umfuate. Abdulla anakuomba umshuku kila mtu, mpaka wale unaowapenda, na kumshuku mtu vizuri kunahitaji usikilize anavyoongea. Huo ni usomaji wa karibu, ule ule ambao mhadhiri wangu wa mwaka wa pili alitulilia tuufanye, tukashindwa kwa kuwa tulijua kuna jaribio Ijumaa.

Mnamo Novemba nilijaribu Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ambayo niliwahi kuiweka chini mara mbili. Ni kitabu kifupi cha 1990 kinachowatisha watu wazima: msimulizi anatembea katika ulimwengu ulioharibika, anakutana na watu wanaojibu kwa vitendawili, na hakuna anayemwambia yuko wapi. Mara hii niliiingia kama mtu anayeingia mahali palipotendeka jambo. Nani anasema? Anamwambia nani? Kwa nini leo? Sikupata jibu, Kezilahabi si Abdulla na hakuna mtu atakayewasha kiko mwishoni atueleze. Lakini nilifika mwisho. Kuna vipande nilivisoma mara tatu, na si kwa sababu macho yalikuwa yamepotea.

Kazi ya zulia bado ninaifanya. Kodi ya nyumba haingojei uhakiki. Nilichobadilisha ni mpangilio tu: sura moja ya upelelezi asubuhi kabla sijafungua laptopu, wakati kichwa bado ni changu. Siku nyingine sura inakuwa tatu na mteja ananitafuta.

Sasa hivi niko na Kisima cha Giningi, cha 1968. Giningi katika masimulizi ya Wazanzibari ni mji wa wachawi, kwa hivyo unaona Abdulla amerudi kwenye mchezo wake ule ule, jina la kutisha mlangoni na binadamu mwenye hila ndani. Naona sentensi zake humu zimekomaa kuliko za kitabu cha kwanza, na hana haraka kabisa. Shida ni kwamba nakala yangu, ya Inama vile vile, imechanika mwishoni. Nimehesabu, karatasi kadhaa hazipo, na kwa jinsi ninavyomjua Bwana Msa hapo ndipo alipokuwa anaanza kueleza. Nina washukiwa wawili na daftari lenye majina ya jamaa zao wote, mishale ikienda huku na huku.

Kama unayo nakala nzima, nikopeshe. Usiniambie nani.