Uso Bila Barakoa

Picha ya Sayyida Salme binti Said, ile aliyopigwa studio mjini Hamburg, imechapwa katika vitabu vingi hata tumezoea kuipita bila kuitazama. Amevaa vazi la kwao lenye nakshi, suruali ikionekana vifundoni, mtandio kichwani, na vito. Wapo wasemao kuwa ni mapambo ya kuwafurahisha Wazungu tu. Mimi sikubaliani nao.

Tuanze na mtandio. Katika Unguja ya siku zile mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa, wala kuvaa viatu. Basi kitambaa kile si urembo, ni cheo. Lakini hebu msomaji utazame uso. Uko wazi! Binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, hakuonekana na mwanamume asiye maharimu wake ila amevaa barakoa. (Buibui tulijualo lilienea baadaye.) Hapa amevaa nguo za bibi wa jumba la kifalme, akaacha ile moja iliyokuwa alama kuu ya heshima yake, na mbele yake amesimama mpiga picha mgeni. Alikuwa amekwisha batizwa na kuolewa na Heinrich Ruete huko Aden, mwaka 1867. Nguo zasema Unguja; uso wasema Hamburg. Wala sioni kwamba alijisahau. Mwanamke aliyejifunza kuandika kwa siri, katika nyumba ambamo mabinti walifundishwa kusoma tu, alijua alitendalo.

Sisi wa Ugogo twapaswa kuielewa picha hii upesi kuliko wengine. Misafara ya kutoka pwani ilipopita kwetu ililipa hongo kwa nguo. Stanley alitozwa doti kwa doti mwaka 1871, akalalamika sana kitabuni mwake. Aliona unyang'anyi. Mtemi aliona adabu: nguo ipi, ngapi, imetolewa na nani, kwa kauli gani. Nguo ilisema kwa sababu mtoaji na mpokeaji, wakipenda wasipende, walijua lugha yake.

Huko Hamburg, ni nani aliyeijua lugha hiyo? Jirani aliyeonyeshwa picha aliona Mashariki, hariri na ajabu. Hakuona kwamba mtandio ni uungwana, wala kwamba uso ule mtupu umegharimu ndugu, urithi na nchi. Hapo ndipo penye uchungu wa picha hii kwangu: bibi amejieleza vizuri kabisa, hakuna wa kumsikia.

Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, sasa akiitwa Emily Ruete, mjane. Kaka yake, Sayyid Barghash, alikataa kumpokea. Hata hivyo, kwa maelezo yake mwenyewe, watu wa mjini walimfuata mitaani wakimwamkia, nao walimwita Bibi.