Nani Aliyevamiwa? Ubinafsi wa Kitaifa katika Filamu za Uvamizi wa Viumbe wa Angani

Utangulizi

Imekwisha kuwa desturi kuzilaumu filamu za Kimarekani zinazohusu uvamizi wa viumbe wa angani kwa kuifanya dunia kuwa jina jingine la Marekani. Lawama hiyo ni ya haki, lakini haitoshi, kwani kila jamii huiweka nyumba yake katikati ya hadithi zake. Makala haya yanadai kwamba ubinafsi wa filamu hizi unajidhihirisha zaidi katika suala la nani anayepewa haki ya kuwa mvamiwa kuliko katika mahali vyombo vya wavamizi vinapotua. Suala hilo linachunguzwa hapa kwa jicho la Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya, ambako uvamizi si jambo la kubuni.

Uvamizi uliotokea

Mwaka 1895 jeshi lililoongozwa na Waingereza liliwashambulia Wabukusu katika ngome zao za Lumboka na Chetambe, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Bungoma. Watu waliojihami nyuma ya kuta za udongo na mahandaki walikabiliwa na silaha zilizowazidi nguvu. Baadaye ardhi nayo ilitwaliwa: Trans Nzoia ikawa nchi ya walowezi, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi na kuwaua watu 11. Vipengele vyote vya kisa cha uvamizi vimo humu: wageni wenye zana za kutisha, ngome inayoanguka, ardhi inayonyakuliwa, na kumbukumbu inayokataa kufa.

Kutoka Wells hadi Emmerich

Miaka mitatu baada ya Chetambe, mwaka 1898, riwaya ya H.G. Wells, The War of the Worlds, ilitoka kama kitabu. Wells naye aliiweka nchi yake katikati, kwani Wamirihi wanatua Surrey, karibu na London. Hata hivyo, katika sura ya kwanza anamkumbusha msomaji jinsi Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania, kisha anamsaili kama ana haki ya kulalamika. Waswahili husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wells anamlazimisha Mwingereza kuuonja uchungu huo. Filamu ya 1953, iliyokihamishia kisa California, na ile ya Steven Spielberg ya 2005, inayoanzia New Jersey, ziliwachukua Wamirihi au wavamizi mfano wao, zikamwacha Mtasmania nje.

Katika Independence Day (1996) ya Roland Emmerich ufutaji huo umekamilika. Majeshi ya nchi nyingine yanangoja mpango utoke Marekani, nao unayafikia kwa ishara za Morse. Rais wa Marekani anatangaza kwamba tarehe 4 Julai itakuwa sikukuu ya uhuru ya wanadamu wote. Kwa mtazamaji wa Kitale anayeijua tarehe 12 Desemba 1963 na gharama yake, tangazo hilo linafuta historia ya wengine na kuwakabidhi uhuru wa mwenye nguvu.

Katika Independence Day: Resurgence (2016) Afrika inapata nafasi: taifa la kubuni chini ya mbabe wa vita Umbutu, ambalo watu wake walipigana na wavamizi ardhini kwa mapanga. Vita hivyo, ambavyo ndivyo Chetambe ya filamu hiyo, vinatajwa kwa maneno machache tu, na Umbutu anaondoka kwao kwenda kushiriki katika vita vya Wamarekani.

Wale na sisi

Je, dawa ni kukihamisha chombo? District 9 (2009) ya Neill Blomkamp inakituliza juu ya Johannesburg, na viumbe wake wanafungiwa katika mabanda na kuhamishwa kwa nguvu, jambo linalokumbusha ubaguzi wa rangi. Lakini filamu hiyo hiyo inawachora Wanijeria kama genge la wahalifu, na serikali ya Nigeria ililalamika. Kubadilisha mji hakuondoi ubinafsi.

Riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), inaelekeza njia tofauti. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani na kufika katika sayari ambayo jina lake likifumbuliwa ni "wale ni sisi". Hapa mwanadamu ndiye mgeni, naye anajifunza kwa wenyeji. Riwaya hiyo inaweza kulaumiwa kwa kuhubiri, kwani Walenisi wamekamilika mno na mvutano wa kisanaa unapungua. Hata hivyo, imethubutu kumtazama "yule" kama kioo.

Hitimisho

Kipimo kinachopendekezwa ni kimoja: je, kisa kinamruhusu mvamiwa akumbuke kwamba aliwahi kuvamia? Wells anaruhusu, Emmerich haruhusu. Mhakiki wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuomba chombo cha angani kitue Bungoma, kwa kuwa wavamizi walikwisha kufika. Kazi yake ni kuzisoma filamu hizi akiwa amesimama Chetambe, na kuonyesha ni historia ya nani iliyoazimwa bila kutajwa mwenyewe.