Trela na Ifiche Hadithi, Isifiche Tabia

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau tungeichukua methali hii kwa neno lake, basi kila picha ya sinema ingekuwa mbaya, kwani siku hizi ni chache mno zitokazo bila ya kutembezwa kwa trela. Mimi ni mpenzi wa sinema tangu ujana wangu Unguja, tulipokuwa tukiingia Majestic, pale Vuga, na trela nilizitazama kwa hamu ileile niliyozitazamia picha zenyewe. Kwa hivyo, ndugu msomaji, sikusudii kuzilaani. Nakusudia kueleza, kwa maoni yangu, ipi ni trela ya haki na ipi ni ya hila, na kwa nini jambo hili lapasa kumshughulisha mwenye nyumba.

Neno lenyewe ni la Kiingereza, na asili yake ni kitu kifuatacho nyuma. Katika miaka ya 1910, huko Marekani, vipande hivyo vilionyeshwa baada ya picha kwisha. Baadaye vikahamishiwa mbele, jina likabaki. Trela ni kama kionjo cha halua dukani. Muuzaji hukukatia kipande kidogo ili upate kuiamini sinia nzima. Basi kionjo ni ahadi, na ahadi ni deni.

Bingwa wa mambo haya alikuwa Alfred Hitchcock, mwongozaji Mwingereza aliyehamia Marekani mwaka 1939. Kwa picha yake Psycho ya mwaka 1960 alitengeneza trela ya dakika sita na zaidi. Ni yeye mwenyewe, mzee mnene aliyevaa suti, akitutembeza katika nyumba ya wageni ya njiani na jumba lililo juu yake, mfano wa dalali anayeonyesha nyumba ya kuuza. Hapa, atwambia, pametokea mauaji. Na kila akikaribia kiini cha habari hukatiza maneno. Mwishowe hulivuta pazia la bafuni, mwanamke akapiga ukelele. Lakini mwanamke yule ni Vera Miles aliyevishwa nywele za bandia, ilhali katika picha yenyewe aliyemo bafuni ni mwengine.

Je, huo si uongo? Nasema sivyo. Hitchcock alitwambia waziwazi kwamba picha yake ni ya mauaji na ya kutisha. Hapana aliyekata tikiti akaja kulalamika kuwa hakuonywa. Alichokificha ni hadithi tu, na aliificha ili atukabidhi nzima, haijaguswa. Hata wenye majumba ya sinema aliwataka wasimruhusu mtu kuingia picha ikishaanza.

Kabla yake, Orson Welles, akiwa kijana wa miaka 25, alifanya mfano wa hayo kwa picha yake Citizen Kane ya mwaka 1941. Trela ile yaanza gizani, husikika sauti yake tu, na kinachoonekana ni kipaza sauti. Kisha atujulisha waigizaji wake mmoja mmoja, na watu wakatoa maoni yao juu ya huyo Kane, huyu akimsifu na yule akimlaumu. Kane mwenyewe hatumwoni. Twatoka na swali moja, mtu huyu ni nani hasa, na swali hilo ndilo picha nzima.

Sasa tazama kinyume chake. Mwaka 2000 Robert Zemeckis alitoa Cast Away, picha ya mtu aliyeanguka na ndege akabaki miaka minne peke yake kisiwani. Trela yake ilituonyesha hata kwamba mtu huyo alirejea kwao, na akakutana na mwanamke aliyemwacha. Alipoulizwa, Zemeckis alijibu kwamba watu wenyewe hupenda kujua kila kitu kabla ya kwenda kutazama. Huenda ni kweli. Lakini mwongozaji hodari, na Zemeckis ni hodari, hapaswi kutupa hesabu ya mwisho kabla ya kutufungulia duka. Saa nzima niliketi nikimtazama yule masikini akihangaika kuwasha moto, na moyo wangu haukushtuka, kwani nilikwisha kumwona nyumbani kwao.

Hata hivyo, hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa ni lile lililonifika mimi nyumbani kwangu. Nilivutiwa na trela moja safi kabisa: watoto wakicheka, bahari, mzee na mjukuu wake. Nikaikodi picha ile, tukaketi sote ukumbini pamoja na mama mkwe. Haikupita nusu saa, yakatokea mambo ambayo mtu hatazami mbele ya mkwewe. Niliinuka nikazima, na hapana aliyesema neno mpaka chakula kikaandikwa. Trela ile haikuificha hadithi. Iliificha tabia ya picha, kama muuzaji aliyetandaza tende nzuri juu ya kikapu na zilizooza akazizika chini.

Kusitiri, basi, si kudanganya. Mfano bora wa sitara niujuao ni The Message ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976, aliyoipiga mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Wanazuoni walihitilafiana juu yake. Lakini mtazamaji hakufichwa kitu: mwanzoni kabisa maandishi humwarifu kwamba Mtume (S.A.W.) hataonyeshwa. Wala sauti yake haisikiki. Waigizaji huielekea kamera wakasema nayo. Akadi alitaja kwanza atakachokisitiri, kisha akakisitiri hadi mwisho, na picha ile ikazidi uzito kwa kile kisichoonekana.

Kwa hivyo simpimi mwongozaji kwa umaarufu wake wala kwa fedha alizotumia. Nampima kwa ahadi yake. Nawe mwenye nyumba, usiitegemee trela peke yake. Itazame picha mwanzo kabla ya kuwaita watoto na wazee. Mimi sasa ndivyo nifanyavyo, na mama mkwe amerudi kuketi nasi ukumbini.