Hita Hununuliwa Mwisho: Jinsi Karakana Moja ya Njombe Ilivyopata Joto

Kati ya Juni na Agosti, seremala wa Njombe huianza siku kwa hasara. Mji uko kwenye nyanda za juu, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za kipupwe joto hushuka chini ya nyuzi 10. Vidole vilivyokufa ganzi haviushiki msumeno sawasawa. Gundi nyeupe ya mbao ikipakwa kwenye ubao wenye baridi kali hukauka kama chokaa badala ya kushika, na kiungo huachia meza ikiwa tayari kwa mteja. Vanishi nayo hunata hadi alasiri. Kwa fundi wa huko, joto ni kifaa cha kazi kama randa na patasi.

Karakana ninayoichambua iko uani kwa seremala mmoja wa mji huo. Ina upana wa mita 4, urefu wa mita 5 na kuta za matofali ya kuchoma zenye kimo cha mita 2.5. Paa ni bati tupu, na kati ya ukuta na bati palikuwa na mwanya unaopitisha mkono. Mwenyewe alitaka kujua anunue hita gani. Tulilijibu swali hilo mwisho, baada ya mengine matatu, na mpangilio huo ndio uliomwokolea fedha na kumweka salama.

Kwanza: mkaa utoke

Jiko la mkaa katikati ya karakana ndilo jawabu la wengi, kwa sababu tayari lipo nyumbani. Mkaa uliokolea hautoi moshi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Gesi hiyo huishika himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo hata kiasi kidogo kikivutwa kwa muda mrefu huinyima damu nafasi ya kubeba oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Hudhani ni mafua, husogea karibu zaidi na jiko, na usingizi humchukua.

Utetezi wa kawaida ni kwamba mlango huachwa wazi kidogo. Lakini hakuna anayeweza kukadiria kwa macho uwazi unaotosha. Ukifungua vya kuitoa sumu yote, joto nalo linaondoka. Ukifunga ili joto libaki, sumu inabaki nalo. Kilo moja ya mkaa ina nishati inayokaribia uniti 8 za umeme, kwa hiyo kwa hesabu ya haraka mkaa unaonekana nafuu. Hesabu hiyo huanguka mlango unapofunguliwa. Jiko la mkaa haliwezi kuwa salama na kupasha chumba kwa wakati mmoja.

Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi nje ina kasoro za aina hiyo, na nyingine ya ziada. Kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua huzaa takriban kilo 1.6 za mvuke wa maji. Mvuke huo hutua kwenye misumeno na randa zilizolala na baridi, ukaleta kutu, na mbao zilizokaushwa kwa subira hunyonya unyevu upya. Juu ya hayo kuna mwali wa moto katikati ya maranda.

Pili: joto linapotokea

Tulipiga hesabu ya kupata nyuzi 16 ndani wakati nje ni nyuzi 8. Bati tupu halizuii joto karibu hata kidogo: mita 20 za mraba za paa zilipoteza kama wati 1,100. Kuta zilipoteza kama 700, mlango na madirisha 200. Upepo wa ule mwanya chini ya bati ulichukua takriban 600. Jumla ni wati 2,600, na zaidi ya nusu zilikuwa zikitorokea juu.

Fundi alipigilia dari ya plaiwudi, bodi 7 za futi 4 kwa 8, akaziba mwanya kwa vipande vya mbao na udongo, na kuweka ubao chini ya mlango. Upotevu wa juu ukashuka hadi kama wati 450, na wa upepo hadi 200. Jumla mpya ni wati 1,550 hivi. Alitamani kumwaga maranda juu ya dari kwa kuwa yanazuia joto na hayana bei. Nilimsihi asifanye hivyo: maranda makavu yaliyojificha juu ya nyaya za taa ni moto unaosubiri cheche, tena hukaribisha mchwa.

Yeye hupasha karakana saa nne tu kwa siku, kuanzia saa 1 hadi saa 5 asubuhi. Bila dari angetumia zaidi ya uniti 10. Sasa anahitaji kama 6. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, takriban shilingi 350 kwa uniti, tofauti hiyo inakaribia shilingi 1,470 kwa siku, yaani zaidi ya 36,000 kwa mwezi wa siku 25 za kazi. Wateja wadogo wanaolipia bei nafuu wasijidanganye. Nafuu hiyo ni kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na hita peke yake itapita hapo. Hesabu ifanywe kwa bei ya kawaida tangu mwanzo.

Tatu: waya unaoweza kubeba mzigo

Hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 8.7 kwa saa nyingi mfululizo. Mashine ya randa ya wati 1,500 ikiwaka kwenye njia hiyohiyo, jumla inapita ampea 15. Joto linalozalishwa ndani ya waya hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa maradufu, waya huchemka mara nne. Ndiyo maana ekstensheni nyembamba iliyoviringishwa chini ya benchi huyeyuka wakati hita yenyewe ni nzima.

Fundi wa umeme alivuta njia ya pekee kwa ajili ya hita: waya wa milimita 2.5 za mraba, sakiti breka ya ampea 16, waya wa ethi uliounganishwa kweli, na swichi inayokata umeme unapovuja. Hita huchomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Plagi ikiwa moto baada ya nusu saa, mguso umelegea, na kazi isimame hadi itengenezwe.

Wanaokaa mwisho wa laini wakumbuke jambo jingine. Umeme ukishuka hadi volti 200, hita ya wati 2,000 hutoa kama wati 1,500 tu. Hita yako inaweza kuwa nzima kabisa. Kilichopungua ni umeme wenyewe.

Hatimaye: hita gani

Kila hita ya kawaida ya umeme hugeuza uniti moja kuwa uniti moja ya joto, iwe ya bei ndogo au kubwa. Tangazo la hita “inayookoa umeme” lisikushawishi. Kiyoyozi chenye uwezo wa kupasha kinaweza kutoa joto mara mbili au tatu ya umeme kinaotumia, lakini bei yake haimwendei fundi wa uani, na vumbi la mbao huziba vichujio vyake haraka. Kwa hita zilizobaki, tofauti iko katika namna joto linavyotoka, na kwenye karakana ya mbao tofauti hiyo ni ya uhai.

Hita yenye koili nyekundu hupasha mwili upesi, lakini koili hiyo ina mamia ya nyuzi. Vumbi la mbao lililotanda juu ya kitu cha moto linaweza kuanza kufuka hata chini ya nyuzi 300. Hita ya feni huvuta vumbi hilo hadi kwenye koili, kisha huipeperusha takataka kwenye vanishi mbichi. Hita ya mafuta, yenye mapezi ya chuma, haina koili iliyo wazi wala feni. Mafuta yake hayaungui. Huzunguka ndani tu na kusambaza joto kwenye uso ulio baridi kuliko koili nyekundu kwa mbali sana. Ni nzito na huchelewa kupasha, lakini hiyo ndiyo aliyoichagua: wati 2,000, yenye kidhibiti joto, inayojizima ikizidi moto au ikianguka. Ziada juu ya wati 1,550 ni ya kuzipasha kuta asubuhi.

Hata hiyo ina masharti. Husimama mita moja kutoka kwenye mbao, mapezi hufutwa vumbi kila siku, na hakuna kinachoanikwa juu yake. Thina inapofunguliwa, hita huzimwa na kuchomolewa, madirisha yakafunguliwa. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, na kidhibiti joto hutoa cheche ndogo kila kinapowasha na kuzima. Gundi na mbao za kuunganishwa huletwa karibu na hita mapema, kwa kuwa kinachopaswa kupata joto ni kiungo chenyewe. Mlangoni kuna kizimamoto cha unga mkavu.

Asiye na umeme anaweza kutumia jiko la chuma lenye dohani inayopanda juu ya paa, akichoma masalia ya mbao. Dohani isafishwe utomvu, na tundu la hewa liachwe wazi. Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa visiingizwe kamwe: nyingi zina aseniki, na moshi wake hauna tofauti na sumu.

Kwa fundi mwenye fedha ya kitu kimoja tu, ushauri wangu ni dari kabla ya hita. Gundi ilazwe ndani ya nyumba, na kazi ya kuunganisha isubiri jua lipande. Asiye na fedha hata ya dari bado ana hatua moja isiyogharimu kitu, nayo ichukuliwe leo: jiko la mkaa litoke karakanani, na vijana wanaojifunza kazi waambiwe sababu yake waziwazi.